Kanzidata ya Maktaba Imekugomea? Anza na Dalili

Meza yangu ya maktaba iko karibu na mlango, kwa hiyo wanaonifikia ni wale waliokwisha kukata tamaa. Huja na kompyuta imefunguliwa mkononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na kauli yao ni moja: "Hichi kibovu, Maalim." Kwa miaka niliyokaa hapo, mara chache sana nimekikuta kibovu kweli. Aghalabu ama mtu amepita mlango usio wake, ama anaita kitu kwa jina ambalo waliokiweka mle hawakukiita. Kanzidata, yaani ghala la makala la mtandaoni, haijui maana ya neno. Inalinganisha herufi na herufi. Na sisi wa visiwa hivi vya Zanzibar tumeandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kiarabu, kila mwandishi na tahajia yake, basi tabu yetu ya majina ni kubwa kuliko ya mtu anayetafiti London.

Nimeyapanga haya kwa dalili, kama wanavyonieleza wenyewe. Ruka hadi iliyo yako.

"Makala naiona, lakini inataka dola"

Kichwa cha makala kipo, ikisiri, yaani muhtasari wake, ipo, ukibonyeza usome unaambiwa ulipe dola 30 au 40. Usilipe. Nimemwona mwanafunzi wa uzamili aliyelipia makala ambayo maktaba yake ilikuwa nayo siku zote, kisa aliitafuta usiku akiwa nyumbani kwao Bububu.

Sababu ya kwanza ni mtandao unaotumia. Kanzidata nyingi hazikutambui kwa jina lako bali kwa anwani ya mtandao uliotokea. Chuo kikishaandikishwa, mchapishaji huweka kwenye orodha yake namba za mtandao wa chuo hicho. Ukiwa kwenye waifai ya chuo mlango uko wazi. Ukiwasha bando la simu yako umefungiwa, ijapokuwa umekaa kwenye kiti kilekile na mwenzako wa pembeni anasoma. Na kama simu au kompyuta yako ina VPN inayowaka, yaani programu inayoficha mtandao uliotokea, wewe kwa kanzidata uko Uholanzi au Marekani. Zima VPN, zima bando, ingia waifai ya chuo, funga kivinjari chote na ukifungue upya. Ikifunguka, umepona.

Sababu ya pili ni kutokea Google. Vyuo vyenye njia ya kuingilia kutoka nje hutaka uanzie kwenye ukurasa wa maktaba, uweke jina na nywila pale, ndipo upelekwe kwa mchapishaji. Ukienda kwa mchapishaji moja kwa moja hana habari kwamba wewe ni wa chuo fulani. Tazama anwani iliyo juu ya kivinjari: ukiwa umepitia maktaba, mara nyingi jina la maktaba huonekana limeungwa na jina la mchapishaji. Ikiwa ni jina la mchapishaji peke yake, rudi mwanzo.

Sababu ya tatu ni kwamba chuo hakina. Hili nalo lina kipimo. Fungua makala nyingine ya jarida lilelile, ya miaka kumi nyuma. Ikifunguka ile na hii ikakataa, tatizo ni miaka, nenda sehemu inayohusu majarida yanayoishia njiani. Zikikataa zote, uliza maktaba kuhusu Research4Life kabla hujakubali kushindwa. Huu ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji, wenye mikusanyo mitano: Hinari ya afya iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia, na GOALI ya sheria iliyoongezwa 2018. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazitozwi. Wanaosajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usihangaike kujisajili kwa jina lako. Nywila huwa kwa mkutubi. Wanafunzi wa sayansi ya jamii wakisikia Hinari husema hiyo ya madaktari. Mtu anayeandika juu ya uganga, maradhi na wakunga wa Pemba asiseme hivyo, maana anthropolojia ya afya huchapwa humohumo.

Ikiwa kote umekwama, bandika kichwa kizima cha makala kwenye Google Scholar ndani ya alama za kunukuu, kisha utazame upande wa kulia wa jibu na ubonyeze pale panapoorodhesha matoleo yote. Waandishi wengi huweka rasimu yao ya mwisho kwenye hifadhi ya chuo chao, na ile ni halali kuisoma. Unpaywall, kipachiko cha kivinjari kisicho na malipo, hufanya kazi hiyo chenyewe. JSTOR, kanzidata ya majarida, nayo humruhusu mtu mwenye akaunti yake ya bure kusoma hadi makala 100 kwa mwezi mtandaoni, bila kuzipakua. Na kuna njia ya kizamani: mwandikie mwandishi. Barua fupi ya adabu, useme wewe ni nani, unatafiti nini, na makala gani. Wanaotafiti Zanzibar si wengi, na wengi wao hufurahi kusomwa Zanzibar.

"Nywila imekataa"

Hapa sina mengi. Usinakili nywila kutoka WhatsApp, maana nafasi tupu ya mwishoni hunakiliwa nayo na kanzidata huihesabu kuwa herufi. Usichanganye nywila ya barua pepe ya chuo, ya mfumo wa matokeo na ya maktaba. Aghalabu ni tatu tofauti. Na akaunti uliyojifungulia mwenyewe ndani ya kanzidata kama JSTOR au EBSCO ni ya kuhifadhia makala zako, haikufungulii kilicholipiwa na chuo. Bado inakataa? Hilo ni letu, njoo mezani.

"Hakuna jibu hata moja"

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu tiba yake humfundisha mtu mada yake mwenyewe.

Tazama kwanza ulichoandika. Ukiwa umeandika swali zima, kwa mfano "ni kwa nini wakulima wa karafuu Pemba waliacha mashamba baada ya Mapinduzi", umeiomba kanzidata itafute makala yenye maneno yote hayo, tena kwa Kiswahili. Haipo. Toa vitu vitatu tu kwenye swali lako: mahali, jambo, na wakati au watu. Kila kimoja kiandikie majina yake yote, uyaunganishe kwa OR (lolote kati yao latosha) ndani ya mabano, kisha mabano yenyewe uyaunganishe kwa AND (yote lazima yawemo). Hivi:

(Zanzibar OR Unguja OR Pemba OR Sansibar) AND (clove OR cloves OR karafuu) AND (labor OR labour OR peasants)

AND na OR ziandike kwa herufi kubwa, kwani kuna kanzidata zinazoziona ndogo kuwa maneno ya kawaida. Labor na labour zote mbili ni lazima: moja ya Marekani, nyingine ya Uingereza, na wewe hujui makala yako ilichapwa upande gani.

Sasa majina, na hapa tukae kidogo.

Zanzibar kwa Kijerumani ni Sansibar. Ukitafiti mkataba wa 1890, ule ambao Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa cha Helgoland na Ujerumani ikaacha madai yake huku kwetu, nusu ya maandishi hutayaona bila herufi hiyo S. Wafaransa wa zamani, na ramani za zamani, huandika Zanguebar. Sayyid Said, aliyefariki 1856, utamkuta Seyyid, Sayyid, Syed, Said, Sa'id, na katika maandishi ya Waingereza wa zama zake hana hata jina: ni "Imaum of Muscat", kwa tahajia hiyohiyo. Mwanawe Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ni Barghash, Bargash na Burghash. Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa wenyeji wa Unguja, ni Mwenyi Mkuu. Siti binti Saad ana binti, bint, Saad na Sa'ad, na muziki wake ni taarab, taarabu au tarab. Mtu akiniambia hajapata kitu juu ya Siti, namuuliza kwanza amemwandika vipi.

Alama ya ng' nayo ni balaa peke yake. Mji wa Ng'ambo huandikwa Ng'ambo, Ngambo na N'gambo, na ile alama ya juu ina maumbo zaidi ya moja kwenye kompyuta: iliyonyooka ya kibodi na iliyopinda ya programu za kuandikia. Kwa jicho lako ni kitu kimoja, kwa kanzidata kila moja ni herufi nyingine. Makala za zamani, zilizopigwa picha kisha zikasomwa na mashine, huweza kuwa na nafasi tupu pale alama ilipokuwa, ikawa "Ng ambo". Andika zote kwa OR. Jambo hilohilo hutokea unaponakili maneno kutoka kwenye waraka wako: alama za kunukuu zilizopinda zipo kanzidata zisizozijua. Zifute, uziandike upya palepale kwenye kisanduku.

Kuna jingine ambalo miongozo iliyoandikwa nje haitakwambia. Kinyota, yaani *, hutumika kukata neno ili mwisho wake uwe wowote: slave* huleta slave, slaves, slavery. Kifaa hiki kimetengenezwa kwa lugha zinazobadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani. Muhadimu, Wahadimu, Kihadimu na Hadimu, yaani wenyeji wa Unguja na mambo yao, ni jambo moja, lakini kinyota cha mwisho hakikusaidii hata kidogo, na kinyota cha mwanzo kanzidata nyingi hazikikubali. Google Scholar haikubali kinyota cha kukatia neno kabisa. Basi hakuna njia ya mkato: Hadimu OR Wahadimu OR Muhadimu; Shirazi OR Washirazi; Swahili OR Waswahili OR Kiswahili. Waandishi wa Kiingereza wengine huvua kiambishi, wengine hukiacha, na mmoja anaweza kufanya yote mawili katika ukurasa mmoja.

Mwisho angalia nchi na mwaka. Jina la Tanzania halikuwapo kabla ya Oktoba 1964. Hata Muungano ulipofanywa tarehe 26 Aprili mwaka huo, nchi ilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Kutafuta "Tanzania" kwa jambo la 1955 ni kujinyima mwenyewe. Kinyume chake, orodha za mada za maktaba za Marekani huiweka Zanzibar chini ya Tanzania hata kwa mambo ya zamani, kwa mfano Slavery, kistari, Tanzania, kistari, Zanzibar. Kwa hiyo kwenye kisanduku cha mada andika Tanzania, kwenye kisanduku cha maneno andika Zanzibar. Na ukiwa umewahoji wazee wakakwambia "Hizbu", kanzidata itataka ZNP au Zanzibar Nationalist Party.

"Yamekuja elfu tisa, hata moja la maana"

Mwanafunzi mmoja wa Wete aliniletea orodha yake ya makala juu ya Pemba, uso umemkunjika.

"Maalim, hivi kwetu kuna gesi?"

"Gesi gani?"

"Hii hapa. Pemba, gesi, na vita."

Nilicheka, kisha nikamwonesha. Pemba ile ni mji wa kaskazini ya Msumbiji, makao makuu ya Cabo Delgado, uliokuwa ukiitwa Porto Amélia zama za Wareno. Kuna Pemba nyingine Zambia. Kwa sababu ya vita vya Cabo Delgado, ukitafuta Pemba peke yake, Wete na Chake Chake huzikwa chini kabisa. Tiba: (Pemba AND Zanzibar), au (Pemba AND (Wete OR Chake OR Mkoani OR Micheweni)). Kuna wanaokimbilia NOT Mozambique. Mimi siipendi NOT. Inaondoa kila makala inayotaja Msumbiji hata mara moja, na makala nzuri ya biashara ya majahazi haiwezi kukosa kuitaja Msumbiji.

Balaa la namna hii lina ndugu zake. Ukimtafuta mwanahistoria wetu Abdul Sheriff kwa kuandika Sheriff tu, unaletewa mapolisi wa Marekani. Weka jina kwenye kisanduku cha mwandishi, na ujaribu pia A. M. H. Sheriff, maana waandishi wa kizazi chake walitia sahihi kwa herufi za mwanzo. Ukikata clove* unapata karafuu, na juu yake clover, ambayo ni majani ya kulisha ng'ombe. Ukikata slav* ukidhani umebana matumizi ya kibodi, umeingia kwa Waslavi wa Ulaya Mashariki. Kinyota kiweke baada ya herufi ambazo hazina pa kupotelea.

Kama majina yako sawa na bado ni elfu tisa, ujue umetafuta ndani ya maandishi yote. JSTOR ikiachwa kama ilivyo husoma kila ukurasa, pamoja na tanbihi, orodha za vitabu na matangazo ya mwisho wa jarida. Zanzibar inatajwa humo na kila mtu. Zuia utafutaji kwenye kichwa cha makala kwanza. Usikimbilie kuzuia kwenye ikisiri, kwa sababu makala nyingi za JSTOR, khasa za zamani, hazina ikisiri. Utayaondoa yaliyo mazuri na hutojua. Kwenye EBSCO ni kinyume: pale mada na ikisiri zimeandikwa vizuri, anzia hapo.

Na kabla hujailaumu EBSCO, hakiki umetafuta ndani ya kanzidata ipi. EBSCO na ProQuest ni kama marikiti, si duka moja. Ndani yake kuna kanzidata za biashara, za uuguzi, za historia, na mtu akiingia kwa kiungo cha jana anaweza kuwa anatafuta ushairi kwenye duka la wahasibu. Juu ya kisanduku kuna jina, lisome.

Vichujio navyo. Alama ya "maandishi kamili tu" huficha makala ambazo maktaba yako inazo kwa mchapishaji mwingine. Alama ya "zilizopitiwa na wataalamu" huondoa mambo ambayo mtafiti wa fasihi anayahitaji, kama mahojiano na maandishi ya magazeti. Anza bila kichujio chochote isipokuwa miaka.

"Jarida lipo, lakini linaishia njiani"

JSTOR, iliyoanzishwa 1995, ilijengwa kwa ajili ya matoleo ya zamani. Majarida mengi humo yana ukuta unaosogea: matoleo ya miaka mitatu hadi mitano ya mwisho hayamo, na kila mwaka ukipinduka ukuta husogea mbele mwaka mmoja. Hiyo si hitilafu, wala chuo chako hakijakatiwa. Matoleo mapya yatafute kwa mchapishaji mwenyewe, au kwenye kanzidata ya Project MUSE ikiwa jarida lina makao kule.

Likiishia ghafla katikati, na si kwenye miaka ya mwisho, huenda limebadilisha jina. Tanganyika Notes and Records lilianza 1936, na baadaye likawa Tanzania Notes and Records. Jarida liitwalo Kiswahili, linalochapwa na TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, linatokana na taarifa za Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Kati ya hapo na leo limewahi kuitwa Swahili tu, na kabla ya hapo lilikuwa na jina refu la Kiingereza lenye neno Committee. Tanbihi ya mwaka 1958 hutaja jina la mwaka 1958. Tafuta historia ya jarida kwenye ukurasa wake kabla hujasema toleo limepotea.

"Nimepakua, kumbe kurasa mbili"

Umepakua mapitio ya kitabu, si makala wala kitabu. Majarida ya historia na anthropolojia yamejaa mapitio, na jina la kitabu likiwa ndio kichwa, mtu huona amepata hazina. Tazama namba za kurasa kabla ya kubonyeza. Yasitupwe lakini: mapitio matatu ya kitabu kimoja, yakisomwa pamoja, hukuonesha wanapogombana wasomi, na aghalabu hapo ndipo mada yako ilipo.

"Kiungo cha jana leo hakifunguki"

Umenakili anwani iliyo juu ya kivinjari. Anwani ile kwenye kanzidata nyingi ni ya kikao chako tu. Umeme ukikatika, au ukienda kuswali Adhuhuri ukarudi, kikao kimekwisha na anwani imekufa. Kwenye ukurasa wa makala tafuta kiungo cha kudumu, au namba ya DOI, ile inayoanza na 10 na nukta. DOI haifi. Ukiiandika baada ya doi.org/ inakupeleka makala ilipo hata mchapishaji akiuza jarida.

Na mtu wa Pemba anayetumia bando, nina ushauri wa fedha: makala ikiwa na chaguo la kusoma kwenye ukurasa wa kawaida na chaguo la PDF, soma ikisiri na hitimisho kwenye ukurasa kwanza. PDF za makala za zamani ni picha za kurasa, na picha hunywa bando. Ukishaamua unaitaka, ipakue mara moja, uipe jina la mwandishi na mwaka. Nimeona simu zenye mafaili mia yote yanaitwa namba, mwenyewe anapakua tena alichonacho.

"Humu Kiswahili hakuna"

Kipo kidogo, na huu ni upungufu wa kweli, si kosa lako. Kanzidata kubwa zilijengwa juu ya majarida ya Ulaya na Marekani. Mtu wa fasihi, isimu au utamaduni wetu asianzie huko. Aanzie Swahili Forum, jarida la wazi lenye asili Ujerumani tangu 1994, ambamo makala za Kiswahili na za Kiingereza zinakaa pamoja na hazina malipo. Kisha majarida ya TATAKI: Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha. Kisha AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza 1998. Baada ya hapo ndipo arudi JSTOR, akiwa na tanbihi mkononi na majina ya waandishi anaowatafuta.

Tasnifu nazo zisisahauliwe. Wanafunzi wa Zanzibar wameandika tasnifu nyingi katika vyuo vya hapa na vya Dar es Salaam, na hizo haziko kwenye kanzidata za kulipia bali kwenye hifadhi za vyuo vyenyewe. Tafuta huko kwa maneno ya Kiswahili, bila AND wala mabano. Injini zao za kutafutia ni nyepesi, na ukizibebesha fomula ndefu zinakosa kila kitu.

"Makala imetajwa, lakini haipo popote"

Kuna sababu tatu, na siku hizi ya kwanza ndiyo inayonijia zaidi: umepewa na programu ya akili bandia. Programu hizi hutunga marejeleo yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoingia akilini, na makala ambayo haikuandikwa na mtu. Kipimo chake ni dakika mbili. Fungua ukurasa wa jarida, nenda kwenye juzuu na toleo lililotajwa, usome yaliyomo. Isipokuwapo pale, ifute kwenye kazi yako, hata kama umeipenda. Usinitake niitafute, nimeshatafuta za namna hiyo asubuhi nzima.

Ya pili, mwandishi uliyemsoma amekosea mwaka au juzuu. Hilo hutokea hata kwa wakubwa. Tafuta kichwa tu, bila mwaka.

Ya tatu, hiyo si makala. Ukiona tanbihi inaanza na ZNA kisha AA au AB na namba, hicho ni jalada la Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani. Hakuna kanzidata ya makala itakayokupa. Vivyo hivyo FO 84, barua za Waingereza juu ya biashara ya utumwa, na CO 618, barua zao za makoloni juu ya Zanzibar; hizo ziko Kew, London, katika nyaraka za taifa zilizokuwa zikiitwa PRO mpaka 2003, na tanbihi za zamani bado zinasema PRO. Watafiti hutoka Ulaya wakapanda ndege kuja kusoma majalada ya Kilimani, na mwanafunzi wa Jang'ombe ananiuliza kama yanapatikana JSTOR. Nakili namba nzima, herufi, mkwaju (/) na tarakimu zote, kwenye karatasi, maana ukiiacha tarakimu moja utaletewa jalada jingine. Kisha vaa viatu.